Mfuniko wa tenki ukilegea, msikimbilie kufuta taa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo dogo linalowatoa watu fedha bila sababu hapa Dodoma. Ni ule ujumbe wa dashibodi unaosema mfuniko wa tenki la petroli umelegea. Mtu ametia mafuta maeneo ya Nanenane, hajafika Ihumwa, mara kioo kimeandika Kiingereza. Kwenye Ford yatasomeka "Check Fuel Cap", kwenye Chevrolet "Tighten Gas Cap", na kwenye Jeep na Dodge nyingi za miaka ya nyuma neno "GASCAP" linakalia mahali pa tarakimu za kilomita. Wakati mwingine hakuna maneno yoyote, inawaka taa ya chek enjini peke yake.

Kinachofuata ndicho kilichotufanya tuandike. Gari linapelekwa gereji, fundi anachomoa waya wa betri, taa inazimika, mwenye gari analipa na kushukuru. Wiki haijaisha, taa imerudi. Safari ya pili anaambiwa sensa ya oksijeni imekufa. Inanunuliwa, inafungwa, taa inarudi tena. Safari ya tatu gari linaitwa bovu na kutafutiwa mnunuzi. Muda wote huo raba ya mfuniko ilikuwa na mchanga.

Kwanza, nani anahusika. Vitz, IST, Premio, Noah na ndugu zao zilizoundwa kwa ajili ya barabara za Japani nyingi hazina ujumbe huu kabisa. Mfuniko ukilegea gari halisemi kitu, utajua kwa pua. Magari ya dizeli nayo hayamo, kwa kuwa dizeli haitoi mvuke kama petroli. Wanaohusika hasa ni wenye magari ya petroli yaliyoundwa kwa masharti ya Marekani, yawe Ford, Jeep, Chevrolet, au Nissan, Honda na Toyota za soko hilo. Kule, kuanzia magari ya mwaka 1996, kompyuta ya gari inalazimika kujipima yenyewe kama mvuke wa petroli unavuja. Kipimo kilianza na tundu la milimita 1, baadaye kikashushwa mpaka nusu milimita. Nusu milimita ni unene wa sindano nyembamba ya kushonea. Kwa hiyo macho hayatoshi. Mfuniko unaweza kuonekana umefunga barabara kumbe chini ya raba yake umelala uzi mmoja wa kitambaa, na kwa kompyuta huo ni mlango uliobaki wazi.

Petroli ndani ya tenki haitulii. Ikipata joto inatoa mvuke, na mvuke huo hauachwi utoke hewani. Unapita kwenye bomba hadi kwenye kanista, kopo la plastiki lililojaa punje za mkaa, ambalo mara nyingi limefungwa chini ya gari jirani na tenki. Mkaa unaunyonya mvuke na kuushika. Injini ikishapata moto, valvu iliyo upande wa injini inafunguka, injini inauvuta mvuke na kuuunguza pamoja na mafuta mengine. Hewa safi ya kuchukua nafasi yake inaingia kwenye kanista kupitia valvu ya pili, ambayo sisi huiita valvu ya kupumulia.

Wakati wa kujipima, kompyuta inaifunga ile ya kupumulia, inaifungua ya injini kwa muda mfupi ili tenki livutwe, halafu inafunga zote mbili na kuitazama sensa ya shinikizo la tenki. Mvuto ukikaa, hakuna tatizo. Ukipungua haraka, pana tundu. Ukikataa kujengeka kabisa, tundu ni kubwa, na hakuna tundu kubwa kuliko mdomo wa tenki ambao haukufungwa. Si magari yote yanafanya hivyo. Mengine yanasubiri injini izimwe, yanapima jinsi shinikizo linavyobadilika mafuta yanapopoa. Toyota nyingi za soko la Marekani zina pampu ndogo inayoamka yenyewe muda wa saa 5 baada ya injini kuzimwa. Mwenye gari akisikia mvumo nyuma ya gari usiku wa manane asidhani ni mwizi.

Hapa pana jambo ambalo hata baadhi ya mafundi hawalijui: mfuniko hauna sensa. Gari haliuoni. Linachojua ni kwamba geji ya mafuta ilipanda, na mara baada ya hapo uvujaji mkubwa ukaonekana. Linakisia kuwa aliyetia mafuta hakufunga vizuri. Mara nyingi linakisia sawasawa, ila ni makisio, na yeyote anayeshika mfuniko mpya mkononi akilaumu gari kwa kusema uongo akumbuke hilo.

Ujumbe huu hausimamishi safari. Injini haiharibiki, breki haziguswi. Unaweza kufika Kibaigwa au Manyoni ndipo uutazame. Hasara ni petroli inayopeperuka kidogo kidogo, harufu, vumbi na maji kuingia kwenye tenki, na kubwa zaidi, gari likipinduka mafuta yanamwagika. Kwa hiyo usiupuuze mwezi mzima, lakini usilale njiani kwa ajili yake. Usiuchanganye na mambo mawili mengine. Taa ya chek enjini inayopepesa, yaani inawaka na kuzima mfululizo huku gari likitetemeka, maana yake injini haiunguzi mafuta sawasawa. Punguza mwendo na usimame mahali salama. Taa nyekundu yenye picha ya kopo la oili ni kuzima injini hapo hapo. Ya mfuniko ni ya rangi ya chungwa na imetulia.

Sasa kazi yenyewe. Egesha mahali pa usawa, zima injini, weka sigara mbali. Fungua kilango cha mafuta, uzungushe mfuniko polepole. Jua likiwa kali utasikia "fyuu". Ngoja iishe kabla hujautoa wote, vinginevyo petroli inaweza kukurukia. Sauti ndogo namna hiyo ni ya kawaida katika magari haya, tena ni dalili kwamba mfuniko ulikuwa unashika.

Ukiutoa, tazama vitu vitatu. Kamba ya plastiki inayoufunga mfuniko kwenye gari ndiyo mkosaji wa kwanza: ikikunjika inaingia kati ya raba na mdomo wa tenki, mfuniko unalia "ka-ka-ka" kama kawaida lakini umekaa upande. Kisha raba yenyewe. Ibonyeze kwa ukucha. Nzuri inabonyea na kurudi. Iliyochoka ni ngumu kama plastiki, ina nyufa ndogo ndogo ukiikunja, au imelala bapa upande mmoja. Mwisho ni mdomo wa tenki pale raba inapokalia. Pita kidole kuuzunguka. Ukikuta kutu, punje za mchanga au mahali palipobonyea kwa kugongwa na bomba la pampu, umepata jibu.

Futa raba na mdomo kwa kitambaa kikavu, safi, kisichoacha nyuzi. Usitumie grisi. Grisi ya kawaida inavimbisha raba na kukusanya vumbi, na baada ya mwezi utakuwa na tope badala ya raba. Usioshe raba kwa petroli pia. Kutu nyepesi inatolewa kwa msasa laini, lakini kwanza ziba koo la tenki kwa kitambaa kikubwa ambacho hakiwezi kuzama, ili unga wa kutu usiingie kwenye pampu. Mdomo uliolika na kutu mpaka ukawa na vishimo hautengenezeki kwa msasa, unabadilishwa pamoja na bomba lake.

Kurudisha mfuniko kuna ujanja wake. Uweke wima, uuzungushe kwanza kinyume, kushoto, mpaka uhisi umedumbukia kidogo. Hapo nyuzi zimekutana. Ndipo uzungushe kulia. Ukianza kulia moja kwa moja nyuzi zinaweza kupandana, mfuniko ukakaza ukiwa umeinama. Kaza mpaka ulie. Mingi inataka milio mitatu, mingine mmoja unatosha, na ipo ile ya robo mzunguko inayofika mwisho na kugoma. Maelezo mara nyingi yameandikwa juu ya mfuniko wenyewe. Ile inayolia ina meno ya plastiki ndani yanayoteleza, kwa hiyo huwezi kuikaza kupita kiasi kwa mkono. Ukiacha kabla haijalia umeilegeza.

Ukishafunga, ujumbe wa maneno unaweza kuondoka baada ya mwendo mfupi, au ukausogeza kwa kubonyeza kitufe cha tripu au cha usukani. Taa ya chek enjini ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wanapochoka na kwenda kuchomoa betri. Tuieleze kwa kirefu.

Kwa kawaida kompyuta haiwashi taa kwa kosa moja. Inaona kosa la kuvuja safari ya kwanza, inaliandika kimya kimya, ikiliona tena safari nyingine inawasha taa. Kuizima nako inataka ushahidi: safari tatu mfululizo ambazo kipimo kimefanyika na kufaulu. Neno zito ni "kipimo kimefanyika". Kipimo hiki hakifanyiki kila ukiwasha gari. Karibu magari yote yanataka tenki lisiwe tupu wala kujaa, takriban kati ya asilimia 15 na 85. Yanataka injini iwe imepoa kabisa, yaani gari limelala usiku au limeegeshwa muda wa saa nane hivi. Yanataka hali ya hewa isiwe na joto la kupindukia, na mengi yanaacha kupima hewa ikizidi nyuzi 35 hivi za Selsiasi. Yanataka pia mafuta yasiwe yanarukaruka ndani ya tenki.

Linganisha masharti hayo na maisha ya gari la hapa. Mwenye nalo anatia mafuta ya kufika kesho, geji inacheza kwenye mstari wa mwisho, kipimo hakifanyiki. Au amejaza mpaka mdomoni, kipimo hakifanyiki. Ameegesha juani Mtumba tangu asubuhi, saa tisa alasiri anawasha gari la moto, kipimo hakifanyiki. Anapita barabara ya vumbi yenye mawimbi kama ubao wa kufulia, petroli inarukaruka, kipimo kinaanza na kukatizwa. Siku kumi zinapita taa ikiwa imewaka wakati mfuniko ulishafungwa vizuri siku ya kwanza. Gari si bovu, halijapata tu nafasi ya kujipima.

Ukitaka kulisaidia, weka mafuta kati ya robo na robo tatu. Asubuhi, gari likiwa limelala, washa na uondoke taratibu, uende dakika 20 hadi 30 kwenye lami kwa mwendo usiobadilika sana, mfano kuelekea Chamwino au barabara ya Singida, kisha egesha na uliache lipoe bila kuliwasha tena kwa saa kadhaa. Rudia siku nne au tano. Asubuhi za Juni na Julai zinafaa zaidi, hewa ni baridi. Mwinuko wa Dodoma, kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hauna shida. Kipimo kinasita kwenye milima ya kama mita 2,400 kwenda juu.

Kuchomoa betri kunaharibu mpango huo wote. Taa inazimika, ndiyo, lakini kumbukumbu ya vipimo vyote nayo inafutika na gari linaanza kuhesabu upya. Msimbo wa kosa, ambao ndio ungemwambia fundi aanzie wapi, umepotea. Kama mfuniko bado unavuja, taa itarudi safari mbili za kipimo zikitimia, na ndiyo maana inaonekana kama "inarudi baada ya siku nne". Taa ikizimika yenyewe baada ya safari tatu njema, msimbo unaendelea kukaa ndani mpaka injini imepoa na kupata moto mara 40 hivi bila kosa kurudi. Hilo ni la kawaida. Fundi akiusoma katika kipindi hicho asikutoze fedha ya kutafuta ugonjwa uliokwisha pona.

Wiki mbili zikipita katika masharti hayo na taa haijazimika, sasa nenda ukapimwe kwa mashine. Soketi ya kupimia ina pini 16, iko chini ya dashibodi upande wa dereva, na visomaji vidogo vya Bluetooth vinavyoongea na simu vinatosha kwa kazi hii. Dai uambiwe namba, usikubali jibu la "ni sensa". P0457 ni uvujaji unaohusishwa na mfuniko. P0455 ni uvujaji mkubwa: mfuniko, au hozi iliyochomoka. P0442 ni mdogo, P0456 ni mdogo sana. Hizi mbili hutokana na raba iliyochoka, ufa kwenye hozi au kutu ya mdomo. P0441 inaelekeza kwenye valvu ya upande wa injini, P0446 kwenye ile ya kupumulia. Katika orodha hiyo hakuna sensa ya oksijeni wala plagi.

Kabla ya kununua chochote, jaribu mfuniko wa gari jingine la aina na mwaka uleule kwa siku chache, ukipata wa kuazima. Ni kipimo cha bure.

Valvu hizi zinapimika bila mashine kubwa. Ya upande wa injini, ikiwa haina umeme, inatakiwa iwe imefunga. Injini ikiwa baridi na inanguruma taratibu, chomoa hozi inayotoka kwenye kanista na uweke kidole kwenye tundu la valvu; ukihisi inavuta, imekwama wazi. Gari lenye ugonjwa huu linasumbua kuwaka kila baada ya kutia mafuta na linanguruma kwa kusitasita. Ya kupumulia ni kinyume: bila umeme inatakiwa iwe wazi na ukipuliza hewa ipite, ukiipa volti 12 ifunge. Msipulize kwa mdomo valvu iliyotoka kwenye gari kabla ya kuifuta, na msinyonye kamwe. Mvuke wa petroli ni sumu. Tumieni kipulizio cha mkono.

Na tafadhali, fundi asichukue hozi ya kujazia upepo wa matairi akaipachika kwenye tenki "kuona panapovuja". Mfumo huu unapimwa kwa shinikizo dogo mno, karibu sehemu moja ya sitini ya upepo ulio kwenye tairi la gari dogo. Kompresa itapasua kanista na kuua sensa ya shinikizo, na hewa nyingi ikichanganyika na mvuke wa petroli hapo hapo gereji inahitaji cheche moja tu. Kazi hiyo ina mashine yake ya moshi, inayosukuma moshi mwepesi polepole ukaonekana unapotokea. Ulizeni kama gereji inayo kabla ya kukubaliana bei.

Sasa vumbi. Kanda yetu ina mvua za kuanzia Desemba hadi Aprili, zaidi ya nusu ya mwaka iliyobaki ni kiangazi na upepo. Vumbi jekundu linajaa nyuma ya kilango cha mafuta, kila ukifungua mfuniko linadondokea kwenye raba. Chini ya mfuniko kuna kitundu cha kutolea maji kwenye kisahani kinachouzunguka mdomo wa tenki. Kikizibwa na tope, maji ya mvua yanatuama, na ukifungua mfuniko yanaporomoka ndani ya tenki. Kizibue kwa waya laini mara moja kila msimu. Wanaoosha magari nao waelezwe wasielekeze bomba la presha kwenye kilango cha mafuta, na wasiingize mpira wa presha chini ya gari pale kanista ilipo. Valvu ya kupumulia inavuta hewa ya chini ya gari, kwa hiyo inavuta vumbi, utando wa buibui, hata vijidudu vinavyojenga humo. Ikiziba, dalili yake inaonekana sheli kabla ya dashibodi: pampu inajikata kila baada ya lita mbili tatu kana kwamba tenki limejaa. Mhudumu anadhani pampu mbovu, dereva anadhani anaibiwa. Kuvuka makorongo yenye maji wakati wa masika kunaleta ugonjwa uleule kwa tope.

Kuna tabia ya kuongeza. Pampu imejikata, mhudumu anatikisa bomba na kukamua lita nyingine mbili ili hesabu ifike namba nzima. Petroli inatoka kwenye matangi ya chini ya ardhi, inaingia kwenye gari lililokaa juani. Lita 50 zikipanda joto kwa nyuzi 10 zinaongezeka karibu nusu lita. Nafasi iliyoachwa juu ya tenki ni kwa ajili ya hiyo. Ukiijaza, petroli yenyewe, si mvuke, inapanda kwenye bomba mpaka kwenye kanista. Mkaa ulioloa petroli hauponi kirahisi, punje zinavunjika, unga wake unavutwa hadi kwenye valvu ya upande wa injini na kuikwamisha. Kanista ni spea ghali kuliko mfuniko mara nyingi. Bomba likijikata mara ya kwanza, basi. Asiyetaka chenji aseme kiasi cha fedha mapema.

Kuhusu kununua mfuniko, wengi wanachukua unaofanana na kuingia. Kuingia si hoja. Mfuniko wa gari la sindano, yaani lisilotumia kabureta, una valvu ndogo ndani: inaruhusu hewa kuingia mafuta yanapopungua ikiwa njia ya kawaida imeziba, na kutoa shinikizo likizidi, lakini hairuhusu mvuke kutoka ovyo. Mfuniko wa gari la zamani la kabureta mara nyingi una tundu la wazi la kupumulia. Ukiufunga kwenye gari jipya, taa haitazimika hata ubadilishe nini. Kinyume chake nacho kina balaa: gari la kabureta ukilifunga mfuniko usio na tundu, tenki linajivuta, pampu inashindwa, gari linazima njiani, ukifungua mfuniko linasikika likivuta hewa kwa nguvu, kisha linawaka na kwenda kilomita chache. Nunua kwa namba ya spea au kwa namba ya chasisi, linganisha kina cha nyuzi, upana wa raba na namba ya milio. Mfuniko wa kufuli unaofungwa kuzuia wanyonya mafuta ni mzuri mradi uwe wa gari hilo na raba yake iwe nzima.

Wapo wanaotembea na kitambaa kilichokunjwa au mfuko wa rambo mdomoni mwa tenki. (Rambo yenyewe imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini kwa matenki inaonekana amri haikufika.) Kitambaa kinanyonya petroli na kuwa utambi. Plastiki nyepesi inaweza kuchanika vipande na kwenda kuziba chujio. Aliyepoteza mfuniko njiani ni heri atie mafuta kidogo, aende polepole na kununua mwingine mji unaofuata kuliko kufunga bomu namna hiyo.

Magari mengine, hasa Ford za kuanzia mwaka 2008 hivi na kuendelea, hayana mfuniko wa kuzungusha. Kuna kibati cha ndani chenye spiringi kinachojifunga chenyewe. Ujumbe ukitokea huko, hakuna cha kukaza. Futa eneo lote kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, chukua faneli ya plastiki iliyokuja na gari, ambayo mara nyingi imehifadhiwa pamoja na tairi la akiba, iingize na kuitoa mara kadhaa ili mchanga uliokaa kwenye kibati udondoke nje. Usitumie faneli ya dukani wala bisibisi, na usiingize mdomo wa dumu moja kwa moja. Kibati kikipinda kinabadilishwa bomba zima.

Kwa wenye vituo vya mafuta tuna ombi moja. Mhudumu anayefungua mfuniko ndiye aufunge, na aufunge mpaka ulie, dereva akisikia. Asiuweke juu ya paa wala boneti wakati pampu inakwenda. Kwenye kilango cha mafuta cha magari mengi kuna ndoano au kipachiko cha kuuning'iniza. Na kama foleni ni ndefu, dereva mwenyewe ashuke aukague kabla hajawasha gari. Ni sekunde tano.

Sisi mafundi umeme wa magari,
Kizota, Dodoma.